Mtoto wa Kwanza wa Mashine

Mtathmini alipiga hodi saa nne asubuhi, akitaka kumwona mtoto ambaye alikuwa na miaka miwili kaburini.

Hakujua. Tumtendee haki: alikuwa kijana mwenye adabu zake, suruali imenyooka, kitambulisho kinaning'inia kifuani, kishikwambi mkononi. Alikuwa ametumwa na kampuni, kampuni imetumwa na ubalozi, na ubalozi umetumwa na serikali moja ya mbali iliyotaka kujua mambo mawili. Kwanza, ile mashine ya joto ya watoto njiti waliyoipa hospitali hii imefaa kitu? Pili, na hili ndilo lililokuwa na maswali mengi zaidi, watu wanajua ni nani aliyeitoa?

Barazani alimkuta fundi cherehani, mzee wa miaka sitini na ushei, pini tatu zimebanwa midomoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba." Fundi alitoa pini. "Suruali au shati?"

"Sikuja kushona, mzee. Natafuta mtoto."

"Ah, hao siuzi."

Wakacheka wote wawili. Ndicho kilichomuuma fundi baadaye kuliko yote, kwamba walianza kwa kucheka.

Kijana akasoma kwenye kishikwambi chake. Mtoto wa kiume, alizaliwa kabla ya wakati, kilo moja na gramu mia tatu. Ndiye wa kwanza kuwekwa kwenye mashine. Mtaa ni huu, nyumba ya fundi cherehani. "Sasa hivi atakuwa na miaka miwili na mwezi mmoja. Balozi anakuja wiki ijayo kuzungumzia awamu ya pili ya msaada, mashine tatu zaidi, na wangependa kupiga picha na mtoto wa kwanza. Mimi nimetangulia kuuliza maswali machache tu."

Mlango wa ndani ukafunguka. Alitoka Kitinda, binti wa mwisho wa fundi. Jina lake hasa lilikuwa jingine lakini hakuna aliyelikumbuka isipokuwa karani wa shule ya chekechea alikofundisha. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya masafa, wiki tatu njiani, siku nne nyumbani. Mimba yake ilikuwa ya miezi saba na siku kadhaa. Mtathmini aliliona tumbo, akafurahi kwa dhati.

"Hongera dada. Kumbe anapata mdogo wake."

Kitinda alishika mwimo wa mlango. "Mwanangu alikufa," alisema. "Alikaa siku mbili akafa. Mashine ilimuunguza."

Kijana alitazama kishikwambi, akamtazama Kitinda, akarudi tena kwenye kishikwambi, kama mtu anayetafuta nani kati ya wawili hao anamdanganya. "Hapa imeandikwa ameruhusiwa. Hali nzuri."

"Soma tena."

"Ameruhusiwa. Hali nzuri." Jasho lilianza kumtoka. "Labda wamekosea, dada. Samahani sana. Nitauliza, halafu nitarudi Alhamisi."

Alipoondoka, Kitinda alikaa kwenye kiti cha wateja. Fundi hakukanyaga pedali.

"Baba, ulimzika wewe?"

"Mimi na mumeo."

"Mlimfunua uso?"

Fundi aliokota kipande cha uzi kisichokuwa na kazi yoyote. Siku ile mkewe alimkabidhi kifurushi cha shuka jeupe, kidogo kuliko mkate, na yeye alikipokea kwa mikono miwili akafanya alivyoambiwa. "Sikuwa na moyo huo, mwanangu."

Kitinda hakumuuliza zaidi, wala hakulia. Afadhali angelia.

*

Mkewe fundi alikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi, wa zamani kuliko majengo yenyewe. Kazini walimwita Mama Funguo, kwa sababu kila kinachofungwa pale hospitali ufunguo wake ulikaa kwake: stoo, kabati la dawa, chumba cha shuka. Madaktari waliletwa na kuhamishwa, yeye akabaki na funguo zake. Walimheshimu. Alikuwa mtu wa kufuata utaratibu, na aliwafokea wauguzi wadogo kwa kuacha sindano bila kofia kama vile wameacha mtoto barabarani.

Alirudi saa kumi na moja na kukuta binti yake anamsubiri jikoni.

"Mama, mwanangu yuko wapi?"

Mama Funguo aliweka mkoba mezani taratibu sana. Kitinda akamsimulia yote, ya kijana, ya kishikwambi, ya picha na balozi. Wakati anasimulia, mama yake alipeleka mkono kifuani, juu kidogo ya ziwa la kushoto, akauacha hapo. Ilikuwa tabia yake ya miaka miwili sasa. Nyumbani walidhani ni moyo, na fundi alikwishamsihi mara kadhaa akapime presha.

"Ni makosa ya karani," alisema mwishowe. "Makaratasi ya hospitali unayajua."

"Karani anaweza kukosea uzito. Anaweza kukosea tarehe. Lakini mtu aliyekufa ataandikwaje kwamba ametoka na hali nzuri? Mimi nilikuwa sijitambui, Mama, damu imenitoka kama maji. Sikumwona akifa, na Baba hakumwona uso. Ulimwona wewe peke yako." Akamsogelea mama yake. "Alitoka na nani?"

"Kitinda!"

"Watu wanauza watoto. Tunasikia kila siku."

"Unaniambia mimi nimeuza mjukuu wangu?"

"Sikwambii kitu. Nakuuliza."

Mama Funguo alisema anaumwa na kichwa, akaenda kulala na jua bado lipo. Hivyo ndivyo alivyojibu. Na tangu jioni ile mtoto yule alihamia pale nyumbani. Hakuna aliyemtaja, lakini kila mtu alimpisha. Fundi alijikuta anafunika mkasi wake, jambo ambalo hufanywa na watu wenye mtoto wa miaka miwili ndani. Kitinda akawa anageuza shingo kila kilio kikisikika mtaani.

*

"Kaa, mama, kaa," alisema mganga mfawidhi kesho yake, naye hakuinuka. Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini, mkuu wa hospitali yote, mwepesi wa kutabasamu. Ukutani nyuma yake kulikuwa na picha kubwa: yeye, balozi, na mashine yenye utepe. "Kijana wa tathmini amenipigia. Lisikutie presha hilo."

"Daktari, binti yangu anadhani mwanawe yu hai."

"Unaona matatizo ya watu kutumwa majumbani bila kupitia kwetu?" Akasogeza kiti. "Sikiliza. Mashine ile ikipata alama nzuri tunaletewa tatu. Tatu, mama! Na jenereta. Wewe mwenyewe umehesabu watoto wangapi tumewapoteza kwa kugombania moja. Sasa wale wenzetu si kwamba wanatoa tu, wanataka waonekane wametoa. Ndiyo siasa yenyewe. Picha moja ya mtoto mzima mwenye mashavu inafanya kazi kuliko ripoti ya kurasa mia."

"Mtoto huyo hayupo."

"Watoto wapo wengi. Yule afisa wa ustawi wa jamii ana mjukuu wa umri huohuo. Anaazimwa nusu saa, anapewa pipi, anarudishwa. Na binti yako anabaki nyumbani, ana mimba, amechoka, hakuna atakayeuliza."

Mama Funguo alitazama picha ukutani. Alikuwamo na yeye, kona ya kushoto, nusu bega.

"Nimemwona anayeazima kiti," alisema. "Anayeazima mtoto badala ya maiti ni wewe wa kwanza."

Tabasamu la mganga mfawidhi lilipungua lakini halikuisha. "Mwandiko ule daftarini ni wa nani, mama? Si wangu. Umebakiza miezi mingapi kustaafu?"

Ilikuwa miezi minane. Alitoka bila kuaga, na kwenye korido alipishana na muuguzi kijana aliyemsalimia mara tatu bila kujibiwa.

*

Nyumbani alimkuta fundi anashona suruali fupi. Aliiona kwanza ikiwa mezani, ya kitambaa cha buluu, imeshapigwa pindo, na ya pili ikiwa chini ya sindano. Kiuno chake kilikuwa cha kutosha kuzunguka kiganja.

"Hizo za nani?"

Fundi hakuinua kichwa. "Kitinda ameniomba."

"Azivae nani humu ndani? Huyo aliye tumboni ataanza na suruali?"

"Ameniambia nikate za miaka miwili." Mzee akaondoa mguu kwenye pedali. "Nimkatalie, Mama Kitinda? Nimwambie nini? Leo hakwenda kazini. Mwalimu mwenzake kanieleza amemkuta amesimama nje ya uzio wa shule nyingine, ile ya juu, anawakagua watoto masikio. Eti wa kwetu wote tuna ncha hapa." Alishika sikio lake mwenyewe. "Na kliniki haendi tena. Anasema hospitali iliyopoteza mmoja haimpati wa pili. Amezungumza na yule bibi wa nyuma ya soko anayezalisha watu chumbani kwake."

Mama Funguo alivuta kiti cha wateja, akakaa. Yeye aliyajua mahesabu ambayo mumewe hakuyajua: wa kwanza alitoka miezi saba kwa sababu mlango wa kizazi wa binti yake haukuwa imara, na huyu wa pili angeweza kutoka siku yoyote, kwa namna ileile, na uzito uleule. Nyuma ya soko hakukuwa na mashine, wala damu, wala daktari. Uongo wake wa kwanza ulikuwa umemfanya Kitinda aiogope mashine. Huu wa daftarini ulikuwa unamfukuza hospitali kabisa.

Aliichukua ile suruali ya buluu, akaikunja, akaifunua, akaikunja tena.

*

Alhamisi mtathmini alirudi saa nane mchana. Safari hii hakutaka kuingia. Alisema amekuja tu kuomba radhi, kwamba mganga mfawidhi amemweleza kulikuwa na mkanganyiko, na mtoto halisi amepatikana mtaa wa pili.

"Amepatikana," alisema Kitinda kutoka ndani. Akatoka mbio kadiri tumbo lilivyomruhusu. "Mtaa gani? Nipeleke!"

"Hapana dada, huyo si..."

"Ana masikio gani?"

Kijana akarudi nyuma hatua moja. Fundi aliinuka kumshika binti yake, akasukumwa. Hapo Mama Funguo, aliyekuwa amevaa sare tayari kwenda zamu ya jioni, akasema, "Kaeni wote. Na wewe, mwanangu, kaa. Uliza maswali yako. Mtoto wa kwanza ni wetu, na mimi ndiye niliyemwandika."

Mtathmini alikaa kwenye ukingo wa benchi. Hakujua aanzie wapi, kwa hiyo akaanza kama alivyofundishwa, swali la kwanza. "Mashine ilianza kutumika lini baada ya kupokelewa?"

"Baada ya siku ishirini na mbili."

"Hapa imeandikwa siku ya kumi na saba."

"Ndiyo imeandikwa. Ililetwa, ikafungwa chumbani na nailoni zake. Ikapewa utepe na stika ya bendera. Tukaambiwa hakuna kuigusa mpaka balozi aje aikabidhi. Balozi akaahirisha, akaahirisha tena. Siku ya kumi na saba binti yangu akajifungua."

Kitinda aliacha kuhema kwa nguvu. Akamgeukia mama yake.

"Uliniambia yuko kwenye mashine," alisema. "Nilikuuliza kila nilipozinduka."

"Nilikwambia. Ulikuwa unakufa, Kitinda. Nilitaka utulie."

"Alikuwa wapi?"

Mkono wa Mama Funguo ulikwenda palepale, juu ya ziwa la kushoto. "Hapa. Nilimweka ndani ya sare, ngozi kwa ngozi, nikajifunga blanketi. Siku mbili sikumweka chini. Nilikuwa nikienda kukutazama yuko na mimi. Lakini alikuwa mdogo mno, na mimi nina miaka hamsini na tisa, sina joto la kutosha. Nilimpigia daktari. Akasema, mama, usiguse, wageni wako njiani, nailoni ikifunguliwa tutaonekana watu gani? Nikampigia tena. Hakupokea."

"Na chumba kilikuwa kimefungwa," alisema fundi. Aliyasema upesi, kama mtu anayemsogezea mwenzake kiti.

Hapo ndipo Mama Funguo angeweza kunyamaza. Mlango ulikuwa umefungwa, kweli. Mumewe alikwishamtengenezea njia ya kutokea, alichotakiwa ni kutikisa kichwa tu. Mtathmini naye alikuwa ameinamia kishikwambi akimtakia mema.

"Ufunguo nilikuwa nao mimi," alisema.

Mtathmini aliinua uso.

"Ulikuwa mfukoni siku zote mbili. Nilikwenda mpaka mlangoni mara mbili, naye yuko hapa kifuani, namsikia anavyohema. Mara ya pili niliuingiza kwenye kitasa. Halafu nikafikiria nitakavyoitwa ofisini, nitakavyoulizwa. Miaka thelathini na moja sijawahi kupewa barua ya onyo. Nikajiambia atavumilia mpaka kesho. Hakuvumilia. Nikawaambia nyie mashine imemuunguza." Sauti yake ilikuwa ileile ya kutoa taarifa za wodi asubuhi, isipokuwa machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni naye hayafuti. "Hafla ilipokwisha daktari akataka kitabu kionyeshe mashine haikungoja sherehe. Akasema, si wewe mwenyewe umewaambia watu wako kwamba alikuwa ndani ya mashine? Basi mwandike. Ila wa kwanza hawezi kuwa maiti, itakuwa nuksi. Nikaandika. Nilikuwa nimekwisha kuwadanganya nyie, ningeogopa daftari?"

Kitinda alimtazama mama yake. "Kwa hiyo amekufa."

"Amekufa, mama yangu. Nilimwosha mimi. Alikuwa na masikio ya babu yake."

Kilio kilichomtoka Kitinda kilikuwa kile alichokiweka miaka miwili bila kujua amekiweka. Fundi alimkumbatia, na safari hii hakusukumwa. Wateja wawili waliokuja kuchukua nguo zao walisimama nje, wakaelewa, wakarudi.

Mtathmini alikuwa kijana wa watu. Alisubiri, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Mama, niandike?"

"Nimekwambia ili iweje?"

"Wanaweza kukufukuza. Na awamu ya pili..." Alisogeza kidole kwenye kioo, juu na chini. "Halafu sijui niandike wapi. Swali linalofuata linauliza kama familia inafahamu mashine ilitolewa na nchi gani, na kama jambo hilo limeongeza upendo wao kwa nchi hiyo. Majibu ni matano, kuanzia sana mpaka hapana kabisa."

Kitinda alifuta uso kwa kanga yake. "Waandikie kwamba hatuna ugomvi nao," alisema. "Wao walileta. Waambie tu, siku nyingine wakileta kitu cha kuokoa mtu, wasikiwekee siku ya sherehe."

Akaandika hayo kwenye sehemu ya maoni mengineyo. Alipomaliza, aliaga kila mmoja kwa mkono, akaondoka.

Wakabaki watatu. Mama Funguo alitaka kumsogelea binti yake, akapiga hatua moja, akaona uso wake, akasimama.

"Nitajifungulia hospitali," alisema Kitinda. "Kwa bibi wa sokoni siendi. Kesho naanza tena kliniki."

"Mungu akubariki, mwanangu."

"Lakini siku hiyo wewe usiwe zamu. Usiwe wodini, usiwe koridoni, usiwe getini. Nitakwenda na Baba."

Mama Funguo aliitikia kwa kichwa, akachukua mkoba wake, akaenda kazini, kwa sababu zamu ya jioni ilikuwa imeanza.

*

Balozi alikuja wiki iliyofuata. Alipigwa picha na mtoto mmoja mnene aliyelia muda wote. Ripoti ya tathmini ilitoka baadaye, kurasa mia na kumi na mbili, na maneno ya Kitinda yalipita kwenye ofisi nne za watu wenye kalamu, kila mmoja akayapunguza kidogo. Yaliyobaki yalikuwa ukurasa wa themanini na tisa: *kulijitokeza ucheleweshaji mdogo katika kuanza matumizi.* Mashine ilipewa alama ya kuridhisha sana. Mahusiano kati ya nchi mbili yalipewa alama ya juu zaidi. Mashine tatu ziliidhinishwa. Mganga mfawidhi alipandishwa cheo, akahamishiwa makao makuu. Barua ya onyo ambayo Mama Funguo aliiogopa miaka thelathini na moja aliletewa mezani kabla daktari hajaondoka, kwa kosa la kutoa taarifa za hospitali bila kibali. Aliisoma, akatia sahihi, akashangaa jinsi ilivyokuwa nyepesi. Karatasi moja tu.

Kitinda alishikwa na uchungu Jumapili iliyofuata ziara ya balozi, kabla ya siku zake, kama mama yake alivyohofia. Fundi alimpeleka kwa bajaji. Mama Funguo alibaki nyumbani. Hospitali ilikuwa mwendo wa dakika kumi na mbili kwa miguu, na angeweza kukuambia kitanda gani kipo wazi, nani yuko zamu, mkasi umewekwa droo ipi. Alifagia nyumba. Akafagia tena. Alikaa, akasimama, akaenda mpaka kizingitini na kurudi.

Saa kumi na nusu simu iliita.

"Amejifungua," alisema fundi. Alikuwa analia na kucheka. "Mzima. Mdogo, kilo moja na nusu, lakini wamemweka kwenye mashine saa ileile, hata dakika tano hazikupita. Nimemwona kwa macho yangu, anatupa miguu. Na Kitinda mzima, anakunywa chai."

Mama Funguo aliketi sakafuni. Akaibana simu sikioni kwa mikono miwili.

"Alhamdulillahi. Ashukuriwe Mungu. Wa kike au wa kiume?"

Upande wa pili fundi alisogea kando. Zilisikika kelele za wodi, kitoroli kinasukumwa, mtu anamwita muuguzi.

"Mama Kitinda," alisema fundi polepole, "amesema hilo atakwambia mwenyewe. Siku atakayoweza."